Nyuki wa Baba Mkwe Havumi Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba uwe wa haraka, na nakuomba sana jina langu ulifiche na mji wangu uufiche pia, maana huku kwetu tunajuana mpaka viatu, na mimi ni mtu mzima mwenye mke, watoto wawili na karakana yenye bango barabarani, sitaki wateja waje kupima kitanda huku wanajizuia kucheka.

Mimi ni fundi wa vitanda. Natengeneza na makabati na meza, lakini jina limeniganda kwa vitanda, hata baba mkwe wangu, tangu nimwoe binti yake miaka tisa iliyopita, hajawahi kuniita mwanangu, ananiita Fundi Vitanda, na wageni wakija anasema "huyu ndiye Fundi Vitanda" kwa namna ambayo mgeni hajui anipe mkono au acheke. Mzee mwenyewe ni karani mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooshwa mpaka ina makali, na ana gitaa lake la mbao, la zamani, lisilotumia umeme, ambalo analiita Nyuki. Analiita hivyo kwa sababu halitoi sauti safi kama magitaa mengine, kila uzi ukiguswa unavuma chini kwa chini, zzzz, kama kuna kitu kimefungiwa ndani na hakijakasirika bado, na mzee anaringia mvumo huo kuliko anavyoringia wanawe waliosoma. Kila anayeingia kwao lazima asimuliwe kwamba mti uliotoa ubao wa gitaa hilo ulipigwa na radi, na radi yenyewe haikutoka yote, ikabaki humo. Akifika hapo kwenye radi mama mkwe huinuka kwenda jikoni kutazama sufuria, hata kama mekoni hakuna kitu.

Sasa mwezi huu mzee amesafiri kwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mke wangu amekwenda naye kumwangalia, na chumba cha wazee kinapigwa rangi, kwa hiyo mama mkwe amehamia kwetu kwa muda na Nyuki pia amehamia kwetu. Mzee alinikabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, akaniambia, "Fundi, usimpige, usimfundishe kazi, wala usimsogeze karibu na dirisha. Mfute vumbi, basi. Siku niliyokukabidhi binti yangu sikuwa na wasiwasi hivi." Mshauri, nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu mtu huyu kwa miaka tisa hajaniachia hata baiskeli yake niende nayo dukani.

Nikalitundika ukutani sebuleni, na wiki ya kwanza nililifuta vumbi kila asubuhi, ushahidi ninao, mama mkwe aliniona. Jumapili ya wiki ya pili watoto walikuwa wamekwenda kucheza, mama mkwe yuko kanisani, mimi nimekaa na chai yangu na kitambaa changu cha vumbi, nikaliteremsha nilifute vizuri mgongoni, na katika kufuta kidole kikagusa uzi, na uzi ukavuma zzzz, nikagusa mwingine, zzzz, nikazibonyeza zote sita nikaona zimelegea, zimelegea kweli, na hapo ndipo mikono yangu iliponitangulia. Nielewe, mshauri. Mimi kazi yangu yote ni hiyo. Mteja akija akasema kitanda kinalia, sijiulizi kinalia kwa nini, naingia chini na spana nakaza, na kikiendelea kulia nakaza tena, na hajawahi kurudi mteja. Nikasema moyoni, maskini mzee, miaka yote hii anahangaika na gitaa lililolegea na hakuna aliyemwambia, na mkwe wake ni fundi yumo humu humu ndani. Nikaanza kuzungusha yale masikio ya kukazia nyuzi pale kichwani. Uzi wa kwanza ukapanda sauti ukawa mtamu, wa pili vilevile, nikanogewa, nikafika wa tano nikiwa napiga mluzi.

Wa sita haukufika. Kulitokea mlio kama mtu amekanyaga sanduku, paa!, paka akatoka kupitia dirishani, na lile daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni mwa gitaa ambacho nyuzi zote zimefungwa hapo, liling'oka lote na ngozi ya ubao, likabaki linaning'inia kwenye nyuzi, na kifupa chake, ule ukingo mwembamba unaobeba nyuzi juu ya daraja, kikaruka kikatumbukia kwenye chai yangu. Niliimaliza ile chai, mshauri, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa sitaki ushahidi.

Nikalipeleka karakana chini ya godoro kama maiti. Huko nikalitazama vizuri na hapo, samahani kwa lugha, nilimtukana fundi aliyelishika kabla yangu, kwa sababu ilionekana wazi kwamba daraja lile lilishawahi kung'oka zamani na kuna mtu alilirudishia, na alilirudishia vibaya ajabu. Chini yake kulikuwa na gundi ya aina mbili, moja ya mbao na nyingine ile ya kubandikia bahasha, na kwenye mfereji wa kifupa alikuwa amesokota utepe wa kitambaa cha zambarau kama pindo la gauni ili kifupa kisicheze, na kifupa chenyewe hakikuwa mfupa. Kilikuwa kipande cha kitana. Kitana cha pembe, cha kahawia, kimesagwa meno lakini mawili yamesalia pembeni, na miaka tisa nimelitazama gitaa lile nikadhani ndivyo yalivyo magitaa. Hicho ndicho kilichokuwa kinavuma, si radi wala nini, ni kitana kimelegea juu ya kitambaa. Nikavikusanya vyote, kitana, utepe, vipande vya gundi, nikavitupia kwenye gunia la maranda, lile ambalo mama mmoja mfuga kuku hulifuata kila mwisho wa mwezi akatandike bandani, na mwezi huu amesema atapita Ijumaa jioni.

Halafu nikafanya kazi, na hapa mshauri niache nijisifu kidogo maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Daraja la zamani lilikuwa limepasuka kwenye matundu ya nyuzi, nikachonga jipya kwa kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye kitanda cha bwana harusi mmoja, nikalipiga msasa mpaka likang'aa kama limelambwa. Pale ngozi ya ubao ilipochunika nikaziba kwa vipande vyembamba kama ukucha, kimoja kimoja, kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Kifupa nikachonga cha mfupa kweli wa ng'ombe, nikauchemsha, nikaukausha, nikausugua siku mbili.

Siku ya kugundisha ilibidi niingize mkono ndani ya lile tundu la tumboni nishikilie kwa ndani huku vibano vinabana kwa nje, mkono ukaingia vizuri, kutoka ukakataa. Nimekaa hivyo kwenye stuli, gitaa limenivaa kama glavu, mara mlango ukafunguliwa, mama mkwe huyo, na kitana chake kimechomekwa nywelani, kile kilichokatika upande mmoja ambacho hataki kukibadilisha ingawa mke wangu ameshamnunulia vitatu vipya.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Na wewe unampa Nyuki mkono?"

Alikwenda nyumbani akarudi na mafuta ya kupikia, akanimiminia humo tunduni taratibu kama anakaanga, mkono ukatoka, na hakuuliza gitaa limekuwaje, aliuliza kitu kingine kabisa.

"Na vile vilivyokuwa chini ya nyuzi umevitia wapi?"

"Nimevitupa, mama. Ulikuwa uchafu mtupu. Aliyefanya ile kazi hajui hata gundi inashikwaje, sijui alikuwa mtoto, sijui alikuwa mlevi."

Mama mkwe akacheka, akacheka mpaka ikabidi akae juu ya mbao, akawa anajifuta macho kwa kiganja, na mwishoni sikuelewa kama bado ni kicheko. Akasema, "Mlevi, eeh?" akajitoa maranda kwenye nguo akaenda zake. Hajanisema kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo chai yangu haina sukari, na sukari ipo, naiona.

Basi shida yangu si kwamba gitaa limeharibika. Shida ni kwamba limepona. Nimelifunga nyuzi, nimelipiga kidogo, linatoa sauti safi mpaka jirani akauliza nimenunua redio gani, kila uzi unasema lake na kunyamaza, na zzzz haipo. Nimeitafuta. Nimechomeka kijiti cha kiberiti chini ya nyuzi, likalia kama funguo mfukoni. Nimetia kipande cha mfuko wa nailoni, likapiga kama bati lililolegea. Nimetia kipande cha wembe na sitaki kukueleza lilivyolia, paka ndiyo kwanza alikuwa amerudi.

Mzee anarudi Jumamosi. Mke wangu hajui lolote, kila akipiga simu ananiambia, "Baba anauliza, Nyuki hajambo?" namjibu hajambo, amepumzika. Juzi mzee akaichukua simu mwenyewe akasema, "Fundi, nikifika sitaki pole wala chai, kwanza nipewe Nyuki, nampigia mama yenu ule wimbo wake," maana kuna wimbo mmoja ambao humpigia mama mkwe tu, hauna maneno, na katika wimbo huo ule mvumo ndio unaofanya kazi yote. Yule mzee hata akirudi haoni sawasawa, vidole vyake vinaona, atajua kabla hajamaliza kukaa.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa mke wangu, nilimdokezea kidogo, akanishauri tumwambie mzee kwamba dawa ya macho hubadilisha masikio, kwamba ni jambo linalojulikana, na yeye yuko tayari kushuhudia. Mawazo mengine niliyonayo ni kunyamaza, au kusingizia panya, au kulirudisha ukutani na kusema nilisikia limepasuka lenyewe kwa baridi. Lakini mshauri, kusema ukweli wote, kuna sehemu moja yangu ambayo inataka mzee ajue. Nataka ajue ni mimi niliyelitengeneza, nataka hata mara moja aseme kwamba hii ni kazi ya fundi, asiseme ya vitanda. Na sehemu nyingine inaniambia nimemwibia kitu ambacho sijui hata nitakirudishaje, na miaka tisa nyingine nitaitwa jina baya kuliko Fundi Vitanda.

Nimekuandikia wewe kwa sababu kwetu tunakuamini. Mama mkwe hasomi ukurasa mwingine kabla ya wako, na huko hospitali mke wangu humsomea baba yake gazeti zima kwa sauti, maana jicho moja limefungwa na jingine ameambiwa asilichoshe, na anasema ukifika ukurasa wako mzee huwanyamazisha hata wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwa kuwa wewe, anasema, huna huruma na wajinga. Gazeti linatoka Alhamisi. Tafadhali nijibu Alhamisi hii hii.

Ni mimi, fundi mwenye mkono wa mafuta.

*

Fundi, kaa chini. Umekaa? Jina lako nimelificha kama ulivyoniomba, na mji nimeuficha, hata herufi ya kwanza sikuitaja. Lakini baba, hebu niambie, katika dunia hii wako wakwe wangapi wenye gitaa linaloitwa Nyuki, karani mstaafu wa suruali yenye makali, aliyeko hospitali na jicho limefungwa, anayesomewa gazeti hili kwa sauti na binti yake, wodi nzima ikiwa kimya? Umenieleza mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kwamba Alhamisi watanisoma, kisha ukanisihi nikujibu Alhamisi. Nimekujibu. Mambo ya panya na baridi yamekwisha saa unaposoma hapa, na shemeji yako asitoke nyumbani leo. Dawa ya macho hubadilisha masikio! Mwambie akipata tatizo la akili asije kwangu, nina watu wengi.

Sasa tuzungumze. Pole kwa ile chai. Lakini pole nyingine sikupi, kwa sababu uliambiwa ufute vumbi. Kufuta vumbi ni kazi ya mkono mmoja na kitambaa, wewe ukaingiza na mkono wa pili. Kitanda ni cha kulalia na gitaa ni kitu kingine, na huyo mzee angetaka nyuzi zake zikazwe, masikio ya kukazia yapo pale pale kichwani miaka yote, na vidole anavyo. Alizilegeza kwa makusudi kwa sababu daraja lake lilikuwa limeshikiliwa na gundi ya bahasha. Hilo hukujiuliza. Kwa nini mtu apige gitaa lililolegea kwa miaka mingi na awe anajua anachofanya?

Na hapa, fundi, ndipo uliponiacha hoi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamwita mwenzangu wa meza ya michezo naye aje asome, mara ya tatu nikavua miwani. Unapima ubao kwa nusu ya ukucha, unaziba ngozi ya gitaa kwa kibanio cha nyusi, halafu umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba chini ya nyuzi umekuta kipande cha kitana cha pembe cha kahawia, na mistari michache chini yake ukaniandikia kwamba mama mkwe amesimama mlangoni na kitana kilichokatika upande mmoja, ambacho hataki kukibadilisha. Hukuona? Uliandika yote mawili kwenye karatasi moja, na bado hukuona?

Huyo mlevi wako ni mama mkwe wako.

Alilivunjaje, mimi sijui. Labda aliliangusha akifagia, labda walikuwa wamegombana akalitupa, labda naye alilikaza, si wewe peke yako mwenye mikono. Ninachokiona ni mwanamke ambaye siku moja, mumewe yuko kazini na makaratasi yake, alibaki na gitaa lililong'oka tumbo na hana wa kumwambia, akatafuta gundi iliyokuwapo nyumbani, na ilipokwisha akachukua ile ya bahasha za mumewe. Kifupa kilikuwa kimepotea, akakata kitana chake. Kilikuwa kinacheza, akachana pindo la gauni lake akakikazia. Na gundi ilipokauka akalitundika ukutani, akaenda jikoni kutazama sufuria, kama wewe ulivyoimaliza chai. Mnafanana, ukitaka kujua, na ndiyo maana alikaa juu ya zile mbao akacheka. Halafu ukamwita mlevi usoni pake. Mimi ningekuondolea na majani ya chai.

Unadhani siri hiyo alimficha mzee? Hiyo ndiyo siri aliyodhani anaificha. Lakini hebu tumia akili yako ya ufundi sasa, ndiyo wakati wake. Kitambaa kilikuwa chini, hakionekani. Kitana kilikuwa juu. Kiko wazi, kinabeba nyuzi zote sita, na kila siku mkono wa kulia wa mzee ulikuwa unapita juu yake. Wewe mwenyewe unasema vidole vyake vinaona. Mtu wa vidole hivyo, anayelala chumba kimoja na mwanamke mwenye kitana kilichokatika, asingetambua meno mawili yaliyosalia pembeni? Alijua siku ile ile aliporudi kutoka kazini na kulishika. Akalilegeza lisije likang'oka tena, akalipa jina, na wageni walipouliza mbona linavuma, akasema ni radi. Miaka yote hiyo ameisema radi mbele ya mkewe bila kucheka, na mkewe ameinuka kwenda jikoni ili asicheke yeye. Nisamehe, mzee, unayenisikiliza hapo kitandani. Kama nimekosea, nikosoe ukipona. Lakini sijakosea.

Kwa hiyo usiniambie umeondoa kasoro. Ule wimbo usio na maneno ulikuwa unapigwa juu ya kitana cha mwenyewe anayepigiwa. Umekichukua ukakitupa kwenye maranda, na Ijumaa kinakwenda kulaliwa na kuku.

Sasa nisikilize. Ukimaliza mstari huu weka gazeti chini uende kwenye gunia. Usiite mtu, usitume mtu. Mwaga lote sakafuni, upepete maranda kwa mikono yako miwili inayopenda kazi, mpaka umekipata kitana na ule utepe wa zambarau. Na yule mama wa kuku akifika kabla hujamaliza, mpe kiti asubiri.

Ukivipata, nenda kwa mama mkwe wako. Usimpelekee hotuba. Mpe vyote viwili mkononi na umwombe radhi kwa neno lile moja, unalijua. Kisha muulize kama anataka kitana kirudi juu ya nyuzi au abaki nacho, maana ni chake, na hilo si la kuamuliwa na fundi. Nadhani najua atakachosema, lakini nataka umuulize.

Daraja lako jipya liache. Naambiwa na watu wanaojua magitaa kwamba kazi uliyoieleza si ya mtu wa kubahatisha, na mimi nasema mbele ya wasomaji wote kwamba hiyo ni kazi ya fundi, sikuongeza neno. Mfupa wako wa ng'ombe uhifadhi. Rudisha kitana mahali pake, na utepe wake chini, vile vile ulivyokuta, hata kama kinacheza, na hasa kwa sababu kinacheza. Najua kitakuuma. Vumilia.

Jumamosi mzee akiingia usijifiche nyuma ya mkeo. Simama, shikamoo, mpe Nyuki kwa mikono miwili kama alivyokupa, na kabla hajaligusa mwambie, "Baba, nililikaza likang'oka, nikalitengeneza." Maneno manne tu, usiongeze la tano. Radi usiitaje. Akitaka kuisimulia tena mbele ya wageni, sikiliza kama hujawahi kuisikia, na mama akiinuka kwenda jikoni, mfuate ukamsaidie kutazama sufuria.

Na wewe binti unayesoma kwa sauti hapo wodini, najua umeshafika hapa na unajikaza usicheke. Mumeo ni mjinga mwenye mikono mizuri, wapo wabaya zaidi. Mtazame baba yako usoni sasa hivi, chini ya bandeji. Kama anatabasamu, mpigie mama yako simu umpe azungumze naye, halafu wewe toka nje kidogo.

Fundi, bado uko hapa? Nenda kwenye gunia. Na ukishazifunga zile nyuzi, zikivuma, ondoa mkono.